Nyuzi za Chakula na Uzito wa Mwili

Kwetu watu wengi humsifu mtu mnene. Husema, "Nyumbani kwake hakuna njaa." Lakini mafuta mengi tumboni si utajiri. Huleta hatari ya ugonjwa wa sukari, ya damu kupanda na ya ugonjwa wa moyo, tena huumiza magoti. Basi, kama munganga amekuambia upunguze uzito, usikimbilie dawa za sokoni. Anza katika chungu chako.

Nyuzi ni nini?

Ni ile sehemu ya majani, matunda, mbegu na nafaka ambayo tumbo haliwezi kuiyeyusha. Nyama, samaki, mafuta na sukari hazina nyuzi. Maharagi, kunde, sombe, lengalenga, mapera na mahindi yasiyokobolewa yanazo nyingi.

Zasaidia namna gani?

Kwanza, zataka kutafunwa sana, nawe unakula polepole. Pili, nyingine hunyonya maji na kuvimba tumboni, nawe unashiba upesi. Tatu, hukawiza chakula, na sukari huingia katika damu kidogo kidogo. Kwa hiyo njaa hairudi mbio. Tena hulainisha choo.

Denis Burkitt, munganga mpasuaji aliyetumika Uganda tangu 1946 hata 1966, aliona kwamba magonjwa mengi ya matumbo yaliyosumbua watu wa Ulaya yalikuwa haba kwa watu wa vijiji vya Afrika. Yeye na mwenzake Hugh Trowell walitoa kitabu katika 1975, wakionya juu ya vyakula vilivyoondolewa makapi.

Katika 2015 waganga wa Marekani walitangaza jaribio la watu 240 wanene. Wengine walipewa agizo moja tu: kula nyuzi gramu 30 kila siku. Wengine walipewa sheria nyingi za chakula. Baada ya mwaka mmoja, wale wa agizo moja walikuwa wamepungua kadiri ya kilo 2.1, na wale wa sheria nyingi kilo 2.7. Ona, faida si kubwa, lakini njia ni nyepesi, na kila nyumba yaweza kuishika.

Ufanye nini?

Shirika la Afya la Dunia lilishauri katika 2023 kwamba mtu mzima ale nyuzi gramu 25 au zaidi kila siku, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda. Huna mizani? Fanya hivi. Punguza bugali, na mahali pake weka maharagi na mboga za majani. Kula tunda lenyewe, usinywe maji yake yaliyotiwa sukari. Ukisagisha mahindi, usitupe makapi. Na mawese yawe kidogo katika sombe, kwa maana gramu 1 ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu 1 ya unga. Ukiongeza maharagi bila kupunguza bugali na mafuta, uzito hautashuka.

Angalia haya

Ongeza kidogo kidogo, juma kwa juma, la sivyo tumbo litajaa hewa. Kunywa maji safi ya kutosha. Sombe itwangwe vizuri na kupikwa sana, maana majani mabichi yana sumu. Anayetumia dawa za ugonjwa wa sukari amwulize munganga kwanza, kwa sababu sukari yaweza kushuka mno.

Wala shauri hili si la watoto wadogo, wala la mama mwenye mimba, wala la mgonjwa aliyekonda. Hao wanahitaji kuongezwa nguvu. Na mtu akikonda bila kujua sababu, asifurahi. Aje hospitali apimwe.

Mama mpishi, kazi hii ni yako, na baba asinung'unike akiona bugali limepungua. Kesho sokoni, kabla ya kununua sukari, nunua kwanza fungu la lengalenga.