Chungu Ndani ya Chungu, Simu Ndani ya Mchele

Mtu huingia intaneti usiku kutafuta bei ya mabati, na saa moja baadaye anajikuta akitazama namna ya kuhifadhi mchicha kwa vyungu viwili vya udongo. Chungu kidogo kimewekwa ndani ya kikubwa, nafasi ya katikati imejazwa mchanga uliomwagiwa maji, na juu pamefunikwa kitambaa kilicholowa. Hakuna umeme wala barafu, na mboga inatolewa siku kadhaa baadaye ikiwa bado mbichi.

Mimi hufundisha kemia, na swali ninaloletewa zaidi na majirani si la mtihani. Ninanyooshewa simu mbele ya macho: “Mwalimu, eti hii ni kweli?” Nami kwanza hujiuliza inafanyaje kazi. Mbinu ikijulikana sababu yake, hujulikana pia inakoishia.

Vile vyungu ni kweli. Aliyevipa umaarufu ni Mohammed Bah Abba, mwalimu wa kaskazini mwa Nigeria aliyetoka katika ukoo wa wafinyanzi, na mwaka 2000 kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Rolex. Katika majaribio yake, biringanya zilikaa siku 27 badala ya siku 3. Sababu tunayo majumbani tangu enzi za bibi zetu: ndiyo ile inayopoza maji ya mtungi. Maji hupenya kwenye vinyweleo vya udongo, hufika nje, hugeuka mvuke, na kila tone linaloondoka huondoka na joto. Joto hilo si dogo. Lita moja ya maji ikigeuka yote kuwa mvuke, joto ililolibeba lingetosha kupasha lita 50 nyingine kwa nyuzi 10 na zaidi.

Lakini mvuke huhitaji pa kwenda, na hewa iliyokwisha kushiba unyevu haipokei mwingine. Kwa hiyo Dodoma wakati wa kiangazi, au Lodwar, vyungu hivyo vitafanya kazi vizuri. Tanga, Mombasa au Unguja wakati wa masika vitakupa nafuu ndogo tu. Muuza mchicha wa Unguja akiiga bila kujua hilo atasema ametapeliwa, kumbe amechukua mbinu akaiacha hewa yake huko huko.

Ugunduzi mwingine hugombanisha wapishi. Wengi tumelelewa tukiambiwa chumvi hufanya maharage yawe magumu. Yaloweke usiku kucha katika maji yenye chumvi, kijiko kimoja cha chakula kwa lita, kisha yasuuze na kuyapika. Utaona maganda yamelainika na hayapasuki ovyo. Ganda la harage limeshikamana kwa pektini, na pektini hiyo imekazwa na kalsiamu na magnesiamu. Sodiamu iliyo kwenye chumvi huingia, ikachukua nafasi ya madini hayo, na kile kifungo kikalegea. Magadi hulainisha kwa nguvu zaidi, ila huharibu vitamini B1, na yakizidi huleta ladha ya sabuni. Kinachogomesha maharage ni uchachu: nyanya, ukwaju na limau huifanya pektini ing'ang'anie. Viungo hivyo visubiri mpaka punje zibonyee.

Ipo na ile ya kuanika maji ya kunywa juani. Huonekana kama mzaha, lakini ina historia ya heshima. Aftim Acra na wenzake wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut walichapisha matokeo yao mwaka 1980. Walianza na maji yenye chumvi na sukari wanayopewa wagonjwa wa kuharisha, wakaonyesha kwamba jua lilitosha kuua vijidudu vilivyomo. Chukua chupa safi ya plastiki angavu isiyozidi lita 2, ijaze maji, ilaze juani saa 6. Kukiwa na mawingu mengi, iache siku 2 mfululizo. Miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ikisaidiwa na joto, huviharibu vijidudu visiweze kuzaana.

Ukishajua kwamba kazi inafanywa na miale, mipaka inajieleza. Maji ya tope huizuia. Simamisha chupa juu ya gazeti, uchungulie kutoka mdomoni: ukishindwa kusoma kichwa cha habari kilicho chini yake, chuja maji kwanza. Chupa yenye rangi nzito haifai. Tena miale huua kilicho hai tu. Floridi inayotia meno rangi ya kahawia katika baadhi ya maeneo ya Arusha na Kilimanjaro ni chumvi ya madini. Jua haliigusi, na kuchemsha hakuiondoi.

Kuzika simu iliyolowa ndani ya mchele ni habari nyingine. Hapa sababu yenyewe haisimami. Mchele hauvuti unyevu ulio ndani ya simu kuliko hewa inayopita, na chembe zake huweza kuingia kwenye tundu la chaja. Mwaka 2024 Apple iliwaambia wateja wake waziwazi wasifanye hivyo. Zima simu, ifute, elekeza tundu chini, iache penye upepo. Simu zilizopona ndani ya mchele zilipona kwa kuachwa zikauke, na mchele ukachukua sifa zisizo zake.

Mchele utakutia hasara ya simu. Mbinu moja inayofanana na hizi inaweza kukutia kaburini. Ni ile ya kuchanganya dawa ya kupaushia nguo, ambayo wengi tunaiita jiki, na siki au dawa kali ya choo ili “ing'arishe zaidi”. Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyofunguliwa kwa askari huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915, ikaua wengi kwa kuwaunguza mapafu. Jiki na amonia nazo hutoa gesi nyingine yenye sumu. Choo cha nyumbani ni kidogo na dirisha lake ni dogo. Haihitaji gesi nyingi. Ukisikia harufu kali inayochoma macho na koo, acha kila kitu, toka nje upate hewa, na usirudi ndani kuokoa ndoo. Kifua kikibana au kikohozi kisipokwisha, nenda hospitali.

Video ya vyungu na video ya jiki hupita kwenye kioo kimoja, kwa muziki ule ule, na zote mbili huwa zimetazamwa na watu wengi. Wingi wa watazamaji haukuambii ipi itahifadhi mboga yako na ipi itachoma mapafu yako. Basi kabla hujaituma mbinu kwenye kundi la familia, iandikie sentensi moja chini yake: inafanya kazi kwa sababu gani. Ukiikosa sentensi hiyo, usiitume.