Refa wa Roboti Huanzia kwenye Betri

Mwanafunzi wa Kanyangi, kaunti ya Kitui, anayeunda roboti ana mahali pa kuipeleka. Kuna Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, KSEF, yanayoanzia kaunti ndogo na kupanda hadi ngazi ya taifa, na robotiki ina kitengo chake humo. Kuna pia mashindano ya kimataifa kama FIRST Global, ambayo Kenya imeshiriki tangu yale ya kwanza, Washington, mwaka 2017. Kwenye maonyesho, jaji husikiliza maelezo na kuuliza maswali. Kwenye mashindano ya uwanjani, roboti hukabiliana na saa, sheria na refa.

Kazi ya refa hutanguliwa na ukaguzi. Katika FIRST Tech Challenge, mashindano ya vijana wa umri wa sekondari, roboti lazima itoshe ndani ya sanduku la inchi 18 kila upande kabla ya mchezo kuanza. Swichi kuu iwe mahali ambapo mtu ataifikia upesi. Kila anayekaribia uwanja avae miwani ya usalama na viatu vinavyofunika vidole. Roboti isiyopita ukaguzi haichezi, hata kama imetoka mbali.

Jicho la mkaguzi hukaa zaidi kwenye betri. Betri ya volti 12 haimpigi mtu shoti ya kumuua, lakini nyaya zake zikigusana mkondo hupanda ghafla, waya huwa moto na plastiki huyeyuka. Ndiyo maana sheria hudai fyuzi ya ampea 20: ikatike yenyewe kabla waya haujaungua. Tunawajua mafundi wa redio ambao fyuzi ikiungua huunga kwa kipande cha waya mtupu, na redio ikaendelea kuimba. Kwenye roboti, ujanja huo unaondoa kinga iliyokuwapo. Betri za lithiamu-polima zimepigwa marufuku kabisa katika mashindano hayo, maana zikitobolewa huweza kuwaka moto.

Klabu inayofanya mazoezi kwa betri ya pikipiki ina jambo la ziada la kuangalia. Vichwa viwili vya betri hiyo viko wazi. Spana ikivigusa vyote viwili kwa pamoja, cheche hutoka. Vifunikwe kwa utepe wa umeme. Na safari ya kutoka Kanyangi hadi mjini Kitui isiikute betri juani kwenye keria, wala ndani ya mfuko mmoja na vifaa vya chuma.

Katika FIRST Tech Challenge, mchezo ukianza, sekunde 30 za kwanza roboti hujiendesha kwa programu. Kisha wanafunzi huiongoza kwa dakika 2. Refa ana kadi ya njano na nyekundu kama wa kandanda, na roboti ikianza kuwa hatari anaweza kuamuru isimamishwe. Hatazami video kubadilisha uamuzi. Timu yenye malalamiko hutuma mwanafunzi mmoja kwenye kisanduku cha maswali kilichochorwa sakafuni. Mwalimu na mzazi hubaki nje. Hapo kijana hujifunza kutaja kifungu cha sheria badala ya kupandisha sauti.

Katika FIRST LEGO League, ya watoto wadogo zaidi, mchezo ukiisha refa hukagua meza pamoja na timu kabla ya kitu chochote kuguswa. Alama isipoeleweka, mfano kipande kimegusa mstari au hakijagusa, timu hupewa shaka hiyo.

Kanuni hiyo ndiyo ningependa kila mlezi wa klabu aibebe, pamoja na mpaka wake. Shaka ya alama ni ya mtoto. Shaka ya usalama haiwi ya mtoto kamwe: waya ukionekana umechubuka, roboti inazimwa kwanza, mjadala baadaye. Refa anayechanganya haya mawili ataonea wengine na kuhatarisha wengine.

Kwa hiyo, walimu, msingoje siku ya mashindano. Kila zoezi, mteueni mwanafunzi mmoja awe mkaguzi na mwingine awe refa, mkiwabadilisha kwa zamu. Chapeni sheria, mzibandike ukutani. Miwani inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na fyuzi ni rahisi kuliko mota iliyoungua.