Moshi Unaotoka na Moshi Uliotoka

Mwulize mwanafunzi wa shule ya upili ni nchi ipi inayotoa hewa ya ukaa nyingi kuliko zote, naye atajibu bila kusita: Uchina. Amepata. Uchina iliipita Marekani mnamo 2006, na siku hizi hutoa karibu thuluthi ya hewa hiyo itokanayo na makaa ya mawe, mafuta, gesi na saruji duniani. Sasa badili njeo tu: ni nchi ipi iliyokwisha kutoa nyingi zaidi? Jibu linageuka. Tangu 1850 Marekani imetoa takriban robo ya jumla yote, Uchina kama asilimia 15, na Afrika nzima asilimia 3 hivi.

Kwetu sisi wanaisimu, jambo hili si geni. Ukisema "mgeni alikuja", huenda amekwisha kwenda zake. Ukisema "mgeni amekuja", yumo nyumbani na chai iandaliwe. Hewa ya ukaa ni mgeni wa -me-, kwani sehemu yake kubwa hukaa angani kwa karne nyingi. Kipsigis, lugha ya wenyeji wa Kericho na Bomet, ni kali zaidi: kitenzi chake humlazimu msemaji abainishe iwapo tendo lilipita leo hii, jana na juzi, au zamani. Laiti majedwali ya takwimu yangeandikwa kwa sarufi hiyo!

Itazame Uingereza. Kituo cha kwanza cha umeme wa makaa ya mawe kwa umma kilianza kazi London mwaka 1882, na cha mwisho nchini humo kilifungwa tarehe 30 Septemba 2024. Kwa hesabu ya mwaka mmoja, nchi hiyo sasa haifikishi hata asilimia 1 ya hewa ya dunia. Ila makampuni ya Kiingereza yalipoanza kupanda chai Kericho miaka ya 1920, viwanda vya kwao vilikuwa vimefuka moshi zaidi ya karne nzima, na moshi huo hatujaachana nao.

Mkenya wa kawaida hutoa chini ya nusu tani kwa mwaka. Mmarekani, kama tani 14. Hata hivyo, mchai haumwulizi mkulima wa Bomet ametoa tani ngapi. Hutaka mvua ya mfululizo, na ukame ukizidi, majani hayachipuki na malipo hupungua. (Mvua ya mawe ya Kericho ni ya tangu jadi, hiyo siisingizii hewa ya ukaa.)

Ndiyo maana mkataba wa Rio wa 1992 ulitambua kwamba wajibu ni wa wote, lakini haulingani. Walakini tusiutumie kujificha. Serikali ilipomega misitu mwaka 2001, sehemu kubwa ya Mau, chemchemi ya mito ya Kericho na Bomet, iligeuka mashamba. Miti ile haimo katika tarakimu nilizozitaja, kwa kuwa ukataji wa misitu huhesabiwa kando. Mwalimu atakayechora jedwali hili ubaoni na aongeze safu yake, nayo aiandike kwa -me-.