Misemo na Chimbuko Lake (6): Mto Usio wa Kulalia

Juma lililopita mtangazaji mmoja wa redio alisoma habari za wafanyakazi wa Uingereza waliopunguzwa kazini. Akasema wanalalamika kwamba viongozi wao "wamewauza chini ya mto". Mjukuu wangu akadakia: "Babu, mto wa kulalia?" Nilicheka, kisha nikaudhika. Mnaonifuata tangu makala ya kwanza mnajua nilivyo na ugomvi na tafsiri ya neno kwa neno.

Waingereza husema "sold down the river" mtu anapodhulumiwa na yule aliyemtegemea. Msemo wenyewe ulizaliwa Marekani. Mto ni Mississippi, na huko kuuzwa kulikuwa kuuzwa kweli, kwa fedha mkononi.

Kuanzia 1808 Marekani ilipiga marufuku kuingiza watumwa kutoka ng'ambo, lakini biashara ya ndani iliachwa istawi. Mashine ya kuchambulia pamba aliyoibuni Eli Whitney mwaka 1793 ilikwisha kuyapa mashamba ya kusini njaa isiyoshiba. Kabla ya vita vya 1861, watu wapatao milioni moja walihamishwa kwa nguvu. Wengine walitembea kwa miguu, minyororo mikononi. Wengine walipakiwa melini Louisville, wakateremka Mto Ohio, wakaingia Mississippi, wakaishia kwenye minada ya Natchez na New Orleans.

Kwa waliosafirishwa baharini, sheria ilimtaka nahodha aandike orodha. Itazame orodha moja: jina, mara nyingi moja tu, jinsia, umri, urefu kwa futi na inchi, rangi. Jina la mwenye mali lina safu yake. Jina la mama halina.

Ndiyo maana kule Kentucky bwana aliyetaka kumtisha mtumwa hakulazimika kushika mjeledi; kuutaja mto kulitosha. Mark Twain, aliyekulia Hannibal, ukingoni mwa mto huohuo, aliijenga riwaya yake ya Pudd'nhead Wilson ya 1894 juu ya hofu hiyo: mama mtumwa anambadilisha mwanawe na mtoto wa bwana, asije akauzwa huko.

Nasi tusijione wageni wa habari hizi. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, na hadi leo timu ikifungwa kizembe mashabiki hupiga kelele, "Wametuuza!" Tunalo pia "kutoswa", neno lenye bahari ndani yake. Mtangazaji angesema "wametoswa", kila msikilizaji angeelewa, na mto ungebaki kitandani.

Wale wafanyakazi nilikuwa karibu kuwasahau. Wamedhulumiwa, sibishi, na walipwe haki yao. Ila jioni ile walirudi nyumbani, wakawakuta watoto wao. Anayeuazima msemo huu na akumbuke walioutoa.