Mazoezi ya Pili ya Kuogelea Yasubiri Novemba

Mtu mzima anayeishi Riyadh au Jeddah, akishaogelea mara moja kwa siku kwa muda mrefu na kasi yake ikagoma kupanda, hakawii kuuliza kama aongeze kipindi cha pili. Swali hili huja zaidi mwezi wa Mei na Juni, jua linapokuwa kali kiasi kwamba bwawa ndilo mahali pekee pa kufanyia mazoezi bila kuungua. Kipindi cha pili nakiunga mkono, lakini nawasihi wanaoniuliza wasubiri hadi Novemba. Joto ni sababu mojawapo. Iliyo kubwa zaidi ni ufupi wa usiku wa kiangazi.

Angalia nyakati za swala za Riyadh. Mwishoni mwa Juni alfajiri huingia kama saa 9:30 usiku. Isha, ambayo kwa kalenda ya Umm al-Qura huja dakika 90 baada ya magharibi, huingia kama saa 2:15. Kati ya isha na alfajiri kuna saa saba na robo tu. Anayeogelea baada ya isha hutoka majini saa 4 usiku akiwa bado amechangamka. Ale, azungumze na watu wa nyumbani, alale saa 6. Adhana inamkuta amelala saa tatu na nusu, kisha anataka kurudi majini kabla ya kazi. Desemba mambo ni mengine kabisa: isha ni kama saa 12:40 jioni, alfajiri saa 11:10, na katikati mna saa kumi na nusu. Jeddah nyakati hizo husogea mbele kwa nusu saa hivi, lakini urefu wa usiku ni karibu ule ule.

Nasisitiza usingizi kwa sababu mazoezi yenyewe hayamjengi mtu. Yanamchosha, kisha mwili hujijenga akiwa amepumzika. Sehemu kubwa ya homoni ya ukuaji, inayosaidia kukarabati misuli, hutolewa katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Kailula ya dakika 20 au 30 adhuhuri inasaidia, na anayeipata asiiache, ila haifidii usiku uliokatwa nusu.

Mwaka 1991 David Costill na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ball State, Indiana, Marekani, walichapisha utafiti ambao kila kocha wa watu wazima angepaswa kuujua. Waliwagawa waogeleaji wa chuo makundi mawili. Kwa wiki 6 kundi moja liliogelea saa moja na nusu mara moja kwa siku, na jingine likafanya hivyo mara mbili. Waliofanya mara mbili hawakupata faida ya ziada, na kasi yao ya mbio fupi ilishuka. Hao walikuwa vijana. Muuguzi wa miaka 42 anayetoka zamu ya usiku, au mhandisi anayeshinda kwenye foleni za barabara ya King Fahd, ana nafasi finyu zaidi ya kupona.

Kwa hiyo nikisema kipindi cha pili sina maana ya mita zaidi. Chukua mita ulizonazo uzigawe. Anayeogelea 3,000 jioni aogelee 1,800 jioni na 1,200 asubuhi, na zile za asubuhi ziwe za ufundi mtupu, bila kukimbizana na saa. Ufundi hushika vizuri zaidi ukifanywa kidogo kidogo mara kwa mara, mwili ukiwa haujachoka, kuliko ukirundikwa mwishoni mwa saa moja na nusu wakati viwiko vimeshaanguka.

Na hapo ndipo penye faida yetu kubwa. Wengi wetu tuliokulia Mwambao tulijifunza baharini, kichwa kikiwa nje ya maji. Kichwa kikiinuka, nyonga na miguu huzama, na mwili unageuka breki. Bahari ya Shamu huficha kasoro hii: chumvi yake inakaribia gramu 40 kwa kila kilo ya maji, wakati wastani wa bahari kuu ni 35, kwa hiyo miguu inaelea yenyewe. Mtu anayeteleza vizuri kule Obhur, pwani ya Jeddah, akiingia bwawani Riyadh anashangaa miguu yake imekuwa mizito.

Zoezi ninalolipenda kwa asubuhi ni la ngumi. Ogelea mita 25 mtindo huru huku umekunja ngumi. Kiganja kikiwa hakipo, maji yanaponyoka, na mkono hauna budi kutafuta pengine pa kuyasukumia: kigasha. Utahisi kiwiko kikibaki juu na kigasha chote kikisimama wima kama kasia. Mita 25 zinazofuata fungua kiganja, hesabu mipigo. Aliyekuwa akivuka kwa mipigo 24 akivuka kwa 21 bila kutumia nguvu zaidi, huo ndio ushindi wa asubuhi hiyo. Rudia mara nane, pumzika vya kutosha kila baada ya urefu mmoja, ukienda kwa mgongo katikati ili kufungua kifua.

Mabega yanahitaji heshima. Kwa mipigo 20 kila mita 25, mita 3,000 ni mipigo 2,400, yaani kila bega linazunguka mara 1,200. Kano ndogo iliyo juu ya bega huvimba kwa wingi wa kazi hiyo, na hujirekebisha polepole kuliko misuli. Uchovu wa misuli baada ya mazoezi ni wa kawaida. Maumivu ya mbele ya bega yanayokuamsha ukililalia si ya kawaida: siku hiyo acha kipindi cha pili.

Kuhusu chakula nitasema machache. Vipindi vikiachana kwa chini ya saa 8, misuli haina muda wa kujaza tena akiba yake ya wanga kwa mlo wa kawaida tu. Kula mapema, tende na labani ukiwa bado na taulo, kisha wali.

Jeddah ina jambo la ziada, na hili ni la uhai. Oktoba 2010 Mmarekani Fran Crippen, mwenye miaka 26, alifariki katika mbio za kilomita 10 huko Fujairah, kwenye maji ya moto. Baada ya hapo shirikisho la kimataifa liliweka kikomo cha nyuzi 31 kwa mashindano ya maji ya wazi. Pwani ya Jeddah mwezi wa Agosti hufika hapo na kupita. Ukiwa majini jasho haliwezi kukauka likakupoza, na hujui kama unatoka jasho. Kipindi cha pili cha baharini wakati huo nakikataa, hata kwa bingwa.

Najua pia kwamba saa za wanawake katika mabwawa mengi ni chache, na kwamba ndugu zetu wengi wanaofanya kazi majumbani hawana hata kipindi cha kwanza. Mwanamke mwenye saa moja tu ya bwawa anaweza kuifanya asubuhi yake chumbani kwa mpira wa kuvuta: mivuto 15 ya kiwiko juu, mara tatu, pole pole.

Anza na asubuhi mbili kwa wiki, ufike tatu, usizidi nne. Pima mapigo ya moyo kabla ya kuondoka kitandani. Yakizidi kawaida yako kwa 7 au zaidi siku mbili mfululizo, rudi kulala. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kwa hiyo anayeanza katikati ya Novemba 2026 ana wiki 12. Mwezi ukiandama, arudi kwenye kipindi kimoja, baada ya tarawehe, akiwa ameshakunywa maji ya kutosha tangu futari.