Kukagua Usalama: Maswali Matatu ya Mkaguzi

Leo tutajifunza juu ya ukaguzi wa usalama mahali pa kazi penye hatari kubwa: matangi ya mafuta ya Kurasini na Kigamboni, maghala ya gesi ya kupikia, na viwanda vya madawa makali. Huenda mmoja wenu akasema, "Mimi nauza vitenge Mtaa wa Kongo, yanihusu nini?" Yakuhusu, ndugu yangu, maana moto ukiruka ukuta hauulizi mwenye duka ni nani.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kutazama chombo ni kazi moja: bomba hili lina kutu, mtungi huu wa kuzimia moto umekwisha muda wake. Kukagua mfumo ni kazi nyingine. Mkaguzi wa mfumo akiona kutu haishii hapo. Huuliza: Nani alipaswa kuiona kabla yangu? Alimwarifu nani? Kwa nini bomba halikubadilishwa? Kutu ni dalili tu. Ugonjwa umo katika namna kazi inavyoendeshwa.

Kwa hiyo mkaguzi ana maswali matatu. La kwanza, je, utaratibu umeandikwa? La pili, je, unafuatwa? La tatu, je, unafaa, yaani hatari ikija utaizuia?

Tuchukue mfano wa ghala la gesi. Daftari lasema vali hupimwa kila mwezi. Mkaguzi hulisoma, kisha hushuka uani akazungumze na makuli na watu wa zamu ya usiku, si meneja peke yake. Humwomba fundi aifunge vali mbele ya macho yake. Tena, akiona sahihi za mwaka mzima zimetiwa kwa wino mmoja na mkono mmoja, kama zilizoandikwa siku moja, basi jibu la swali la pili keshalipata.

Lakini ukaguzi usiofuatwa na matendo ni karatasi tu. Huko Bhopal, nchini India, palikuwa na kiwanda cha dawa ya kuulia wadudu. Mwezi Mei 1982 wakaguzi kutoka kampuni mama ya Marekani walikikagua, wakaandika kasoro nyingi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984 gesi ya sumu ilitoka tangini. Mtambo wa kulipoza tangi ulikuwa umezimwa, na mnara wa kuunguzia gesi haukuwa tayari kwa kazi. Watu maelfu walikufa, wengi wakiwa usingizini katika vibanda vya jirani.

Na hapa mjini kwetu tumeonja. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka katika ghala la jeshi Mbagala, wakafa watu zaidi ya 20. Tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka mengine Gongo la Mboto, wakafa tena zaidi ya 20. Kila msiba wa namna hii ukitokea, mkaguzi hulazimika kuuliza: Maghala mengine yanayofanana na hili yametazamwa? Yaliyoagizwa yametimizwa, na nani, lini? Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri asajili mahali pake pa kazi, na yawapa wakaguzi ruhusa ya kuingia. Wanaoisimamia ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA. Nawe mfanyakazi, mkaguzi akikuuliza, mwambie kweli. Ukificha ili kumfurahisha bwana mkubwa, wa kwanza kuungua ni wewe.

Vikundi vya wasikilizaji, jadilianeni haya:

1. Katika mtaa wenu, ni mahali gani penye hatari kubwa kuliko pengine?
2. Moto ukizuka hapo usiku, nani ana ufunguo?
3. Mara ya mwisho palipokaguliwa, nini kilibadilika?

Kwaherini, hadi somo lijalo.