Kebo ya Kupimia Gari Inapokataa Kusoma

Katika gereji za Nyeri, Karatina na Nanyuki, gari la Probox linalowasha taa ya injini huweza kuunganishwa na laptopu, kwa kebo inayochomekwa kwenye soketi ya matundu 16 chini ya dashibodi. Soketi hiyo ya OBD-II ililazimishwa Marekani kwa magari ya kuanzia 1996, kisha ikaenea duniani. Kebo ikikataa kusoma, ni rahisi kuishuku kompyuta ya gari, na mwenye gari akatozwa pesa nyingi kwa kifaa kizima.

Gari lenyewe hupimwa kwanza. Mita ikiwekwa kati ya tundu la 16 na la 4, isome volti 12 hivi. Isiposoma, fyuzi ikaguliwe. Kwenye gari linalotumia mfumo wa mawasiliano wa CAN, betri ikiwa imechomolewa, kati ya tundu la 6 na la 14 huonekana omu 60 hivi, kwa kuwa rezista mbili za omu 120 zimefungwa sambamba.

Gari likiwa sawa, sasa ni zamu ya kebo. Laptopu isipoitambua kabisa, kasoro iko upande wa USB, kwenye chipu au kwenye draiva. Mwaka 2014 draiva mpya ya FTDI, kampuni inayotengeneza chipu hizo za USB, ilizifanya chipu bandia zisitambulike tena, na kebo za bei nafuu zikaonekana mbovu bila waya hata mmoja kukatika.

Lakini mara nyingi waya hukatika pale unapoingia kwenye plagi, kwa sababu hapo ndipo huvutwa na kukunjwa kila siku. Plagi hufunguliwa (skrubu nyingine hujificha chini ya stika), mita ikawekwa kwenye mlio, ncha moja kwenye pini na nyingine kwenye bodi ya kebo, huku waya ukikunjwa taratibu. Mlio ukikatika, mahali penye kasoro pameonekana. Sehemu iliyochoka hukatwa, mrija wa plastiki unaobana kwa joto ukavishwa kabla ya kulehemu, na nyaya mbili za CAN zikasokotwa tena kama zilivyokuwa, maana msokoto huo ndio unaopunguza kelele za umeme. Ndani ya plagi waya ubanwe imara, ili mvuto usifike kwenye risasi.

Kebo iliyotengenezwa itumike kwanza kusoma hitilafu tu. Mawasiliano yakikatika wakati programu mpya inaandikwa, kompyuta ya gari inaweza kufa kabisa.